Kusaka bodi ya RISC-V bila kutoboa mfuko

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitafuta bodi ya RISC-V ya bei nafuu. Si kwa kupenda vitu vigeni. Nasaidia kutunza programu moja huria ya C, na mtumiaji mmoja alituandikia kwamba kwenye prosesa yake ya RISC-V programu haimalizi kusoma faili, inazunguka tu. Kwenye tarakilishi yangu ya x86 haina neno.

Kwa wasioifahamu, RISC-V ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010. Orodha ya maagizo ambayo prosesa hiyo huelewa iko wazi, na yeyote anaweza kuitumia bila kulipia leseni. Sasa utadhani vifaa vyake ni bwerere. Wapi! Maagizo ni ya bure lakini chipu inatoka kiwandani, na bei haishuki mpaka zitengenezwe nyingi. Mwaka 2018 bodi ya HiFive Unleashed iliuzwa dola 999.

Siku hizi hali ni nafuu. Milk-V Duo ilitoka mwaka 2023 kwa takriban dola 9, ila RAM yake ni MB 64. Itakusomea kipima joto, lakini usiitarajie kubeba Debian kamili. VisionFive 2 ya mwaka 2022 ina viini vinne na RAM ya hadi GB 8. Hiyo angalau ni kompyuta.

Lakini bei ya tangazo si bei ya Nairobi. Ongeza usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16, adapta na kadi ya kumbukumbu.

Tena kuna gharama isiyoandikwa popote: programu. Ubuntu 25.10, iliyotoka Oktoba 2025, inadai prosesa za kiwango kipya kiitwacho RVA23, kwa hiyo VisionFive 2 imeachwa kwenye toleo la 24.04. Debian 13 ya Agosti 2025 bado inazipokea prosesa za zamani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kama bodi inaendeshwa na keneli ya kawaida ya Linux au ni ile ya muuzaji peke yake. Muuzaji akichoka kuitunza, bodi yako nayo imezeeka.

Na je, lazima ununue? Mimi nilianza na QEMU, programu ya bure inayoiga prosesa nyingine. Hitilafu ikajitokeza siku hiyo hiyo. Kwenye Linux ya x86, char hubeba namba hasi. Kwenye RISC-V haibebi. Msimbo wa zamani ulihifadhi jibu la getchar ndani ya char ukisubiri -1 ya mwisho wa faili. Kwenye RISC-V ile -1 inakuwa 255, basi mwisho haufiki. Dawa ilikuwa kubadilisha char kuwa int. Gharama: sufuri.

Wanaoandika programu huria wanaweza pia kuomba akaunti ya bure kwenye Compile Farm ya GCC, ambako kuna mashine halisi za RISC-V za kuingia kwa SSH.

Kilichobaki ni kupima kasi, na hitilafu za nyuzi zinazogombania kumbukumbu, ambazo QEMU juu ya x86 inaweza kuzificha. Kwa kazi hizo SSH inanitosha. Bodi nitainunua siku nitakapohitaji kuchomeka waya kwa mkono wangu.