Lubumbashi: Kompyuta ya mwaka 2006 na Python inayoikubali

Kwetu Lubumbashi, kampuni za mgodi zikibadilisha mashini za ofisi, zile za zamani haziendi mbali. Zinauzwa kwa kuelewana, na baada ya siku chache unazikuta kwenye sekretarieti za mtaani zikichapa CV na barua za kuomba kazi. Ndivyo shule moja ya sekondari ya komini ya Katuba ilivyopata Dell Precision 390, sanduku zito la chuma la mwaka 2006. Hiyo si kompyuta ya kuandikia barua. Ilitengenezwa kwa wahandisi, watu wa kuchora ramani na vipimo. Prosesa yake ni Core 2 Duo, memori giga 2, na mfumo wake ni Windows XP.

Mashini hiyo ina kazi isiyo na mchezo. Imeunganishwa na printa kubwa ya zamani, ambayo programu yake ya kuiendesha ni ya XP peke yake. Mitihani yote ya shule inachapwa pale. Majirani nao wanalipa kuchapisha, na pesa hiyo inanunua karatasi. Kwa hiyo prefe aliweka sheria: XP isiguswe. Wanafunzi wa darasa la kompyuta wataitumia Jumamosi mchana, lakini virusi ikiingia kwenye mitihani, Jumamosi zimekwisha.

Wanafunzi hao wanajifunza lugha ya programu, Python, kwa chaki na daftari. Nimeyaona madaftari yao. Maagizo yameandikwa kwa Bic, na zile nafasi nne za mwanzo wa mstari zimepimwa kwa rula. Mwalimu anasahihisha kwa macho. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupata pointi nzuri bila kuona hata siku moja programu yake ikitembea, wala kosa lake likimrudia kwenye ekrani.

Mwalimu ni mdogo wangu wa mtaa. Alinipigia simu: “Yaya, mashini inakatala. Tumeleta Python mara tatu, mara tatu inakatala.” Nilipofika, faili tatu zilikuwa kwenye fleshi yake. Mbili zilikuwa matoleo mapya, zilizonunuliwa kwa mega zake mwenyewe. Ya tatu ilitoka kwenye ukurasa wenye kifungo kikubwa cha kijani, na hiyo haikuwa Python kabisa: ilikuwa inataka kwanza kuingiza vitu vingine ambavyo hakuna aliyeviomba. Nashukuru aliifunga mapema.

Mashini haikuwa na ubaya wowote. Watengenezaji wa Python wana kanuni: wanaendelea kuhudumia Windows fulani kwa muda ule ambao Microsoft yenyewe inaihudumia. Microsoft iliacha XP tarehe 8 Aprili 2014. Python 3.4 ilikuwa imetoka mwezi Machi mwaka huo huo, wiki tatu tu kabla, kwa hiyo ikawa ya mwisho kuikubali XP. Ile iliyofuata, 3.5 ya mwaka 2015, haiingii tena. Wenye Windows 7, na hapa mjini ni wengi, hesabu yao ni ile ile: Microsoft iliiacha Januari 2020, na Python yao ya mwisho ni 3.8.

Kumbe kujua “3.4” hakutoshi. Ukienda kwenye python.org, ambako matoleo ya zamani yote yamewekwa kwa orodha na ni ya bure, utaona 3.4 yenyewe ina wadogo zake, kutoka 3.4.0 mpaka 3.4.10. Mtu yeyote mwenye akili zake atachukua ya mwisho. Akifungua 3.4.10, anakuta maandishi ghafi ya programu tu, hakuna faili ya kuingiza kwenye Windows. Sababu ni kwamba toleo likizeeka, wanaendelea kuziba matundu ya usalama kwa muda, lakini hawatengenezi tena faili ya kubofya. Unayoitaka ni 3.4.4, ya Desemba 2015, ile iliyoandikwa x86 MSI, kwa sababu XP hii ni ya biti 32. Haifiki mega 30. Kwa Windows 7 tafuta 3.8.10, kwa sababu hiyo hiyo. Mega ngapi zimeshaliwa na jambo hili mjini, sijui nani angeweza kuzihesabu.

XP yenyewe usiipeleke kwenye intaneti. Haina ulinzi tangu 2014, na kivinjari chake cha zamani hakizijui kufuli za tovuti za leo, kwa hiyo kurasa nyingi hazifunguki hata ukibembeleza. Tulipakua kwenye kompyuta nyingine, ya siberi. Kando ya kila faili, python.org inaandika namba ndefu inayoitwa MD5. Kwenye Windows ya karibuni unaandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu MD5, na unalinganisha. Herufi moja ikitofautiana, faili hiyo imeharibika njiani au si yenyewe. Mwalimu alisoma kwa sauti, mimi nikafuata kwa kidole. Fleshi tuliifuta yote kwanza. Fleshi za siberi tunazijua.

Saa nane umeme uliporudi, Python 3.4.4 iliingia bila maneno. Ndani yake kuna IDLE ya kuandikia, kuna turtle ya kuchora, kuna SQLite ya kuhifadhi data, na kuna kitabu kizima cha maelezo kinachofunguka bila intaneti. Kwa shule isiyo na mega, kitabu hicho kwangu ndicho kitu kikubwa kuliko vyote.

Upungufu upo. Namna fupi ya kupanga maneno kwa kuweka f mbele ya alama za nukuu ilianza na 3.6, na mwalimu alikuwa ameifundisha mwaka mzima. Programu ya kwanza iliyonakiliwa kutoka daftarini ilijibu “SyntaxError”. Msichana aliyeiandika alitazama mstari wake, akatazama daftari lenye alama ya vema nyekundu, akamgeukia mwalimu. Mwalimu aliwaonyesha namna ya format(), na mstari ukatembea.

Wapo watakaosema: futa XP, weka Linux, maneno yaishe. Wana haki, kama mashini haina kazi nyingine. Core 2 Duo ni prosesa ya biti 64, na Debian 13 ya Agosti 2025 inakuja na Python 3.13. Lakini sahani yake kamili ni zaidi ya giga 3, na hapo printa ya mitihani ingebaki bila mtu wa kuiendesha. Siku shule ikipata mashini ya pili, nitakuwa wa kwanza kuwaambia waweke Debian.

Kwa sasa wanaingia wawili wawili, dakika ishirini kila kundi. Faili ya 3.4.4 tumeichoma kwenye CD, iko kabatini kwa prefe, pamoja na karatasi yenye ile namba ya MD5. Nakala nyingine ninayo mimi, pamoja na 3.8.10 ya Windows 7. Mwenye mashini ya namna hiyo anitafute, aje na fleshi tupu.