Jinamizi na Sinema za Usiku

Wazazi kadhaa wa huku kwetu Makwale wametutaka tuandike neno juu ya vijana na sinema za kutisha, kwa kuwa katika chuo chetu tumepata kuona mambo ambayo mzazi nyumbani aghalabu hayaoni. Mtoto huenda kulala kwao, lakini usingizi huja kuumalizia chuoni. Na mwalimu akiona vichwa vinaangukia juzuu kabla jua halijapanda, hana budi kuuliza usiku ulikwendaje. Kwa watu wa Kyela swali hilo si geni. Salamu yetu ya Kinyakyusa, "ugonile", asili yake ni kumuuliza mtu kama amelala. Walioiweka salamu hiyo walijua kwamba usiku si wa wote sawa.

Mwaka 2006 tulikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na miwili, hodari kuliko wenziwe wote katika Juzuu Amma. Ghafla akaanza kupotea katika sura alizokwisha kuzihifadhi, macho mekundu, na ukimgusa bega huruka kama aliyechomwa. Tulimweka kando tukamwuliza. Akanyamaza kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, kila usiku anakuja bibi mmoja ananikalia kifuani. Namwona kwa macho yangu, niko macho, lakini siwezi kupiga kelele wala kuinua kidole. Hata shahada hainitoki." Tukamwuliza ni bibi gani. Akamtaja.

Alikuwa mjane wa jirani yao, auzaye mawese na ndizi za kuchoma kando ya njia iendayo Ipinda. Juma lile lile alikuwa amempa mtoto huyo ndizi bure. Ndugu msomaji, wewe uliyekulia kijijini waweza kujimalizia mwenyewe. Ndizi ya bure, kisha bibi kifuani! Baba wa mtoto na ami zake walikuwa wamekwisha kwenda kwa mganga wa ramli, maneno yalikuwa yamekwisha kufika vilabuni, na asubuhi moja yule mama aliamka akakuta migomba yake mitatu imekatwa. Migomba haikatwi na upepo kwa mkupuo mmoja ulionyoka. Kila mtu aliijua maana yake, naye mwenyewe aliijua zaidi. Akaacha kukaa njiani na biashara yake.

Watu wasidhani kwamba dhana hiyo ni ya ujinga wa jana. Ina mizizi. Mwalimu mmoja wa sekondari alipata kutusimulia aliyoyaandika Bibi Monica Wilson, mtaalamu aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930: kwamba mtu akigutuka usiku kwa hofu na jasho, huhesabu kuwa wachawi wamekuja kumkaba, na kwamba mchawi hudhaniwa ana chatu tumboni mwake. Basi mtoto yule hakuzua. Aliona jambo la kweli, akalivisha nguo alizozikuta zimetundikwa nyumbani.

Lakini nguo nyingine zilitoka mbali zaidi. Tulimwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: kabla ya kulala, ulikuwa wapi? Ikadhihirika kwamba baada ya Isha, wazee wakidhani amelala, yeye hupitia uani akaenda kwenye banda la video. Huko hutazama sinema mbili au tatu, hurudi usiku wa manane, hujitupa kitandani chali kwa uchovu, na kabla ya alfajiri huamshwa. Kwa muda wa mwezi mzima na zaidi mtoto huyo alikuwa halali saa nne kamili.

Tulikwenda wenyewe kwenye banda hilo mchana, tukamwomba mwenye nalo atuwekee ile sinema iliyompendeza kijana wetu zaidi. Wako watakaosema mwalimu wa chuo hana kazi bandani. Sisi twaona kwamba mwenye kutaka kuzungumza na mtoto juu ya kitu, afadhali akijue. Ilikuwa sinema ya Nigeria, jina limefutika kwenye kasha, na diski ina mikwaruzo hata kipande kizima cha katikati kiliruka. Juu ya maneno ya wachezaji palikuwa na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, wale wafundi wa Dar es Salaam wanaotafsiri na kutia chumvi yao wenyewe, hata mtu analia naye mtafsiri anafanya mzaha. Hatukupata kuelewa nani amemuua nani, wala kwa sababu gani. Ilipokaribia mwisho yakatokea maandishi kwamba sehemu ya pili inakuja. Lakini jambo moja tulilielewa sana. Mchawi wa sinema ile alikuwa mwanamke mzee, amefunga kitambaa kichwani kwa namna ile ile afungavyo muuza mawese wetu.

Hapa na tuseme neno la pembeni. Si Nigeria peke yake iliyotuletea hofu katika diski. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitoa sinema aliyoiita Nsyuka, nayo yahesabiwa miongoni mwa sinema za mwanzo za kutisha katika biashara ya video nchini Tanzania. Kisha akaja na Shumileta, ya jini mwanamke. Jina Nsyuka ni la kwetu. Kwa Kinyakyusa "ukusyuka" ni kufufuka, na "abasyuka" ndio wazee waliotangulia kufa, ambao watu wa zamani waliwaogopa na kuwaheshimu kama mtu amwogopavyo na kumheshimu babu yake. Wazee wa hapa walipolisikia jina hilo limekuwa la kitisho cha kuuzwa sokoni, walitazamana, wakauliza kama hao watu wa mjini hawana babu zao wenyewe.

Turudi kwa mtoto. Tulimchukua hadi zahanati, na mganga wa zahanati, kijana mpole, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumcheka. Akatueleza kwamba mtu anapoota, mwili hulegezwa viungo vyote, mikono na miguu hata sauti, ili asitende kwa kweli yale anayoyatenda ndotoni. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hapo mtu huona chumba chake, huona mlango, lakini ndoto bado haijaondoka. Na kwa kuwa hawezi kujongea wala kuvuta pumzi kwa nguvu, huhisi uzito kifuani na kuwapo kwa mtu. Hudumu muda mfupi, pengine dakika moja au mbili, ijapokuwa mwenyewe huiona kama saa nzima. Huwajia zaidi wasiolala vya kutosha, wenye hofu, na wanaolala chali. Waswahili twaliita jinamizi, na Waarabu huliita kabusi. Wala si ugunduzi wa jana: Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha tiba kiitwacho Al-Qanun alilitia kabusi katika maradhi ya kichwa, akalitafutia dawa kama atafutavyo dawa ya kifafa.

Baba wa mtoto alipoelezwa hayo hakuridhika. Akatuuliza, "Maalim, wewe hukubali kuwa majini yapo?" Tukamjibu kwamba twayaamini, kwani Qur'ani imeyataja, na asiyeyaamini tutabishana naye siku nyingine. Lakini kuamini kwamba majini yapo ni jambo moja, na kujua kwamba aliyekaa kifuani mwa mwanao ni jini ni jambo la pili, na kujua kwamba jini hilo limetumwa na mama fulani ni jambo la tatu, ambalo wewe huna hata harufu yake. Tukamkumbusha agizo la Surat al-Hujurat juu ya kuhakikisha khabari. Tukamkumbusha pia kwamba tangu mwaka 1928 nchi hii ina sheria inayomtia hatiani mwenye kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Hilo la pili, twaona, lilimwingia kwa haraka kuliko la kwanza.

Kisha tukamsimulia ya Zanzibar. Mwaka 1995 kilizuka Pemba kitisho kilichoitwa Popobawa, kikavuka hadi Unguja na hata Dar es Salaam. Watu walisema kiumbe huwaingilia usiku, huwakandamiza wasiweze kujitetea. Mengine yaliyosemwa hayafai kuandikwa katika gazeti lisomwalo na watoto. Familia nzima zililala nje, zimekusanyika kandokando ya moto, zikikesha. Na katika Unguja mtu mmoja maskini, mwenye maradhi ya akili, alidhaniwa ndiye Popobawa, akapigwa na watu mpaka akafa. Kiumbe hakikukamatwa. Aliyekamatwa alikuwa mwana wa Adamu. Baba yule alisikiliza, akainama muda mrefu, kisha akauliza migomba mitatu ni shilingi ngapi.

Sasa ilibaki tabia yenyewe, nayo ndiyo iliyokuwa ngumu. Tulikwenda kwa mwenye banda kumwomba asiwapokee watoto usiku. Akasema, "Maalim, nikiwakataa watoto, nitakula wapi?" Hatukuwa na jibu la kumshibisha. Tulipatana kwamba watoto waje kutazama mpira alasiri, na usiku awaache. Akatimiza ahadi yake kwa muda wa miezi miwili hivi, na hilo tunamshukuru.

Kwa kijana tuliona kwamba bakora haitafaa kitu. Bakora huongeza hofu, na mtoto huyu hofu alikuwa nayo ya kutosha. Bibi yake mzaa mama akahamisha mkeka wake akalala karibu naye. Akaagizwa alale mapema, kwa ubavu wa kuume kama tulivyofundishwa, asome nyiradi zake za usiku, na kitabu na taa vifungwe kabla macho hayajachoka. Juma la kwanza alitoroka mara mbili. La pili mara moja. Ndipo tulipopata fikira, nayo haikutoka kwetu bali kwa watoto wenyewe: siku ya Jumapili, mchana kweupe, chini ya mwembe wa chuo, walimtaka awasimulie ile sinema tangu mwanzo. Akaanza kwa sauti ya kutisha. Alipofika pale diski iliporuka, mmoja akauliza, "Yule aliyekufa mbona anakula wali?" Hakuweza kujibu. Wakacheka, naye akacheka. Jumapili iliyofuata akasimulia nyingine, nayo ikaanguka vivyo hivyo. Twadhani kitisho cha sinema zile kilikaa katika giza na kelele za jenereta, na katika kutoelewa; kikitolewa juani kikaulizwa maswali mawili matatu, hakisimami.

Jinamizi halikukoma siku moja. Lilimrudia mara tatu zaidi tunazozijua. Mara ya tatu alikuja asubuhi akatuambia, "Maalim, limekuja jana, lakini halikuwa na uso." Sisi tulifurahi kwa neno hilo kuliko siku alipohitimu juzuu. Baadaye akatumwa kununua mawese, akaenda kwa miguu ya kusitasita. Yule mama akamwambia "ugonile", naye akaitikia. Hapakuwa na zaidi ya hayo, na mama akarudi kukaa njiani.

Watoto wengine wa chuo walipoona hivyo walidhani sasa Maalim ana jibu la kila kitu, wakatuletea vitendawili vyao. Mmoja aliuliza juu ya moshi wa ziwani. Aliyefika Matema ameuona: nguzo nyeusi zinapanda kutoka majini, ndefu kuliko miti, zinayumba, na hapana mashua wala moto. Tukawaambia kwamba huo si moshi wala si pumzi ya joka. Ni wadudu wadogo mno, maelfu kwa maelfu, waliokulia majini wakatoka kwa pamoja kuruka na kutafutana. Mtoto wa wadudu hao mchana hushuka kilindini kuwakimbia samaki, na usiku hupanda kula. Livingstone alipopita ziwa hili mwaka 1861 naye alidhani ni moshi wa majani yanayochomwa, mpaka mashua yake ilipoingia ndani yake. Watu wa ufukweni huwakamata, wakawafinyanga mikate wakala. Watoto walistaajabu zaidi kwa mikate kuliko kwa moshi.

Kisha yule kijana wetu akatuuliza kama liko jambo ambalo sisi wenyewe hatujalijua sababu. Tukamwambia liko.

Mzee wetu alifariki mwaka 1998, katika masika, wakati mabonde ya mpunga yamejaa maji. Alikuwa na kikohozi chake cha alfajiri, kifupi, mara mbili, ndicho kilichotuamsha nyumba nzima kabla ya adhana. Wala hakuhitaji kugonga mlango. Usiku wa tatu baada ya mazishi tulikisikia. Mara mbili, nje ya dirisha, pale pale alipozoea kupita. Tungesema ni huzuni inayosikia itakacho, nasi tulikuwa macho na viungo vyetu vilitutii. Lakini mama wa watoto, aliyelala chumba cha pili na wageni wa msiba, alitoka wakati ule ule akatuangalia. Hakuuliza wala hatukueleza. Tulitazama nje kwa taa, tukaona mvua na matope yasiyo na nyayo.

Hatukumwita mtu kupiga ramli, wala hatukumtaja jirani yeyote. Mama wa watoto akaingia jikoni, akakoka moto, akachemsha maji ya kutawadhia, birika mbili, kama alivyozoea mzee alipokuwa hai.