Mbegu za mama na jalala la mwaka jana



Mama yangu alipotutoka kule Walungu, hakuacha mali nyingi. Katika vitu vyake nilikuta kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mbegu 20 za maboga. Ni yale maboga tuliyokulia, yenye mistari ya kijani, ambayo majani yake tulikula na bugali tangu utoto. Sokoni sijayaona tena. Nikazileta mbegu hapa Bukavu, nikangojea mvua ya Septemba.

Nilijiambia: mbegu za mama nitazipa kilicho bora. Nikajaza beseni la zamani na mbolea ya mbuzi iliyotoka bandani wiki ile ile, pamoja na maganda ya ndizi na ya viazi kutoka jikoni. Nikazika mbegu 12, nikazimwagia maji asubuhi na jioni. Binti yangu alikuwa anachungulia kila siku kabla ya kwenda masomoni. "Mama, maboga ya koko hayajatoka?"

Siku ya kumi nikafukua kwa kidole. Mbegu zilikuwa laini kama uji, na zinanuka. Zote 12. Nilikaa nyuma ya nyumba nikalia, maana niliona kama nimemzika mama mara ya pili.

Zikabaki 8.

Jirani yetu, mama mzee anayeuza lengalenga, alikuja kunipa pole. Akachukua udongo wangu, akaunusa, akaniuliza:

"Binti yangu, mtoto akizaliwa leo, unampa bugali na nyama?"

"Hapana, koko."

"Basi mbona mbegu umeipa?"

Akanieleza. Mbegu ya boga inakuja na chakula chake ndani, katika vile vipande viwili vinavyofunguka na kuwa majani ya kwanza. Siku zile za mwanzo haitafuti unono. Inataka joto, maji kidogo, hewa, na njia nyepesi ya kupitisha mzizi. Mbolea mbichi inapooza hutoa moto, na ukali wake huunguza mzizi mchanga. Tena inashika maji mengi, ndipo ukungu unaila mbegu kabla haijaamka.

Nikabisha kidogo. "Lakini koko, nyumbani maboga yalikuwa yanaota yenyewe jalalani!"

Akacheka. "Jalala la lini?"

Hapo nikakumbuka. Yalikuwa yanaota nyuma ya jiko, mahali ambapo mama alikuwa ameacha kutupa takataka tangu mwaka uliotangulia. Udongo wake ulikuwa mweusi, unavunjika vidoleni, unanukia kama msitu baada ya mvua. Mimi niliiga jalala la mama, lakini sikuiga kungoja kwake.

Tukachanganya upya. Udongo wa milima yetu ni mwekundu na unanata. Ukilowa unashikamana kama wa kufinyangia vyungu, ukikauka unapasuka. Kwa hiyo tulipima mikebe miwili ya udongo wa juu wa shamba, mkebe mmoja wa mbolea iliyooza kabisa, na mkebe mmoja wa mchanga. Tukatoa mawe na mabonge.

Kipimo ni mkono wako. Lowesha udongo kidogo, ufinye, kisha fungua kiganja. Donge lisimame, lakini ukiligusa kwa kidole livunjike. Likitoa maji, umelowesha kupita kiasi. Likikataa kuvunjika, ongeza mchanga. Dada zetu wa Goma, wenye udongo wa changarawe nyeusi za volkeno, wao maji yanawakimbia upesi: waache mchanga, waongeze mbolea ya zamani. Majivu ya babula yatiwe kidogo sana, maana yakizidi yanaharibu udongo.

Tulikunja maganda makavu ya mgomba kama vikombe, ili siku ya kuhamisha mche uingie shambani pamoja na ganda lake. Boga halipendi kuguswa mizizi. Kila mbegu iliingia sentimeta 2 au 3 tu. Tukamwagia mara moja, kisha tukangoja mpaka udongo wa juu uanze kukauka ndipo tukamwagia tena.

Siku ya saba binti yangu alipiga kelele hata majirani wakatoka. Mgongo wa kijani ulikuwa umeinama juu ya udongo. Kati ya mbegu 8, zikaota 6.

Miche ilipotoa majani mawili mengine, yale ya kukwaruza, tukaihamisha shambani. Ndani ya kila shimo nilitia mbolea iliyoiva, mikono miwili mizima. Huo ndio wakati wa bugali.

Miche miwili nilimpa yule koko. Minne inatambaa sasa kwenye uzio wangu. Boga la kwanza hatutalila likiwa changa. Litakaa mpaka ganda ligome ukucha, na binti yangu tayari ameweka kitambaa cha kufungia mbegu.

Mama mwenye mbegu za kwao, nakuomba jambo moja: usizipande zote siku moja. Mimi niliokolewa na zile 8 zilizobaki kwenye fundo.