Ifrane: Mji wa Theluji na Haki ya Jirani

Wengi wetu wa mwambao, tukisikia neno theluji, fikira huruka hadi Ulaya. Lakini Afrika nayo ina mji wa Waislamu ambao mapaa yake huvaa weupe wakati wa baridi. Nao ni Ifrane, nchini Moroko, katika milima ya Atlas ya Kati, kiasi cha mita 1,650 juu ya bahari. Wafaransa waliuasisi mwaka 1929 ili wakimbilie huko joto la nyanda za chini. Hapo ndipo ilipopimwa baridi kali kuliko zote zilizopata kuandikwa barani: nyuzi 23.9 chini ya sifuri, tarehe 11 Februari 1935.

Siku za mapumziko, magari kutoka Fez na Meknes hupanda hadi Michlifen, ambako watu huteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Jioni wageni huteremka. Wanaobaki ni wenyeji, na kwao theluji si mchezo: ni kuni zilizonunuliwa mapema, ni njia ya kusafishwa kabla ya alfajiri, ni maji ya udhu yaumayo hadi mifupani. Sisi tuliohamia huko na aila zetu ilitupasa tuchague: kuwa wageni wa theluji, au kuwa majirani.

Mlango wa kwanza ulikuwa msikiti. Watu wa Moroko ni Wamaliki. Katika sala ya alfajiri kunuti yao huletwa kimya kabla ya rukuu, nasi Mashafii tumezoea kuileta kwa sauti baada yake. Katika Fatiha, mtoto wetu alisikia neno moja likifupishwa akataka kumsahihisha imamu. Tukamfahamisha kuwa hicho ni kisomo cha Warshi, nacho ni sahihi kama hiki cha Hafsi tulichokirithi. Baada ya alfajiri na magharibi, wenyeji huketi wakasoma hizbu moja kwa sauti moja, na kwa kuwa hizbu ni 60, Qur'ani huhitimishwa kila mwezi. Tuliketi nao. Mwanzoni ndimi zetu ziliachwa nyuma. Kufikia hitima ya pili, mzee mmoja akawa hutuwekea nafasi kando yake.

Mtihani mkubwa zaidi uliwapata wanawake. Mwanamke wa kwetu amezoea mlango ulio wazi na hodi ya jirani tangu asubuhi. Kule baridi hufunga milango yote, na mama hupitisha siku nzima asisikie sauti ila ya wanawe. Mama watoto hakungoja kubishiwa. Alipika mahamri, akavaa buibui juu ya koti, akavuka theluji hadi nyumba ya pili. Ijumaa iliyofuata sahani yetu ilirudi imejaa kuskusi, kwani nako, kama kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Tangu hapo wakawa wakifundishana: huyu kuwasha jiko la kuni, yule kuumua unga wa mahamri.

Enyi ndugu na dada zetu mnaohamia miji ya mbali, msikae mkingoja kukaribishwa. Haki ya jirani ni juu ya anayekuja kama ilivyo juu ya aliyetangulia. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majirani wema popote tunapoweka mizigo yetu. Amin.