Tarakimu ya Kumi na Mbili

Nambari ya kitambulisho nchini Afrika Kusini ina tarakimu kumi na tatu. Ya mtu aliyezaliwa mwaka 1980, ikisomwa kama nambari moja nzima, hupita trilioni nane. Ichukuliwe ya kubuni: 8001015009061. Sita za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Nne zinazofuata, zikianzia 5000, husema kwamba mwenyewe ni mwanamume. Ya mwisho huzilinda zilizotangulia.

Ulinzi wenyewe ni hesabu ya mtoto wa shule. Kutoka kulia, tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea huzidishwa kwa mbili. Zao likizidi tisa, hupunguzwa tisa. Kisha zote hujumlishwa, na jumla sharti igawanyike kwa kumi. Hapa ni 30. Kanuni hii ni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1960. Karani akikosea tarakimu moja, yoyote ile, hesabu hukataa. Akipindua mbili zilizo jirani, hukataa pia, isipokuwa pale 09 inapogeuka 90.

Durban ina watu ambao kanuni hiyo haikuwahi kuwatetea. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walileta hapo, kwa njia ya Zanzibar, watumwa waliookolewa katika majahazi, wakawafunga kwa mikataba ya kazi. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, nao wakaitwa Wazanzibari. Waliishi Kings Rest, kwenye kilima cha Bluff, wakiswali na kusema Kimakua, mpaka sheria ya kutenga makazi ilipowahamishia Chatsworth, mtaa wa Wahindi, katika miaka ya 1960. Waafrika hawa walikuwa wameandikwa “Waasia wengineo”.

Katika nambari, jina hilo lilikuwa 06, kwenye nafasi ya kumi na moja na ya kumi na mbili; Mzungu raia alikuwa 00. Karani aliyeandika 06 kwa mjukuu wa Mmakua hakukosea chochote ambacho Luhn angekigundua. Jumla iligawanyika kwa kumi. Uongo uliokokotolewa vizuri ulipita kama kweli.

Sheria ya mwaka 1986 iliondoa rangi katika nambari, na nafasi ya kumi na mbili ikapewa 8 au 9. Sita ikizidishwa kwa mbili na kupunguzwa huacha 3. Nane huacha 7. Jumla inaongezeka kwa nne, hivyo tarakimu ya mwisho nayo hubadilika: 8001015009087, yenye jumla ya 40. (Nambari hii mpya inagawanyika kwa tatu, ile ya zamani haigawanyiki, serikali haikuwa na haja na hilo.) Tarehe ya kuzaliwa ni ile ile, na nyumba bado iko Chatsworth.