Matangazo ya Jumapili

Katika makanisa ya Baptisti ya huku Lubero, mashariki mwa Kongo, ibada haiishi bila matangazo. Nyimbo zimeimbwa, neno limehubiriwa, sadaka imetolewa, kisha katibu anasimama na daftari lake. Kwa miaka mingi katibu wa parokia yetu nilikuwa mimi, na madaftari hayo bado ninayo, nimeyafungia ndani ya sanduku la bati ili panya wasiyaguse. Anayetaka kujua jinsi kanisa letu lilivyobadilika asihangaike na ripoti za ofisini. Aje nimfungulie sanduku.

Madaftari ya mwanzo, yale ya miaka ya vita vya kwanza vya Kongo, yanafanana sana. Korali ya vijana itafanya mazoezi Jumatano. Wanaojiandaa kwa ubatizo wakutane na wazee baada ya ibada. Fulani na fulani wanataka kufunga ndoa, mwenye pingamizi aseme. Jumamosi kutakuwa na salongo, yaani kazi ya pamoja, ya kufyeka uwanja, kila mtu aje na panga. Dada yetu amelazwa, tumwombee. Nilizipenda Jumapili zile. Lakini nikizisoma leo naona kwamba kila tangazo lilimhusu mtu aliyekuwa tayari ameketi ndani, ambaye jina lake lilikuwa katika kitabu cha washiriki. Mpita njia hakuwa na lake.

Sisemi kwamba huduma hazikuwepo. Kanisa letu lilianzia Kitsombiro, kusini mwa mji wa Lubero, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kazi ya Paul Hurlburt na wenzake wa misioni iliyoitwa Unevangelized Africa Mission. Katika miaka ya 1940 Wabaptisti wa Kimarekani waliipokea kazi hiyo, na pamoja na mahubiri walileta shule na tiba. Hospitali ya Katwa, pale Butembo, ni tunda la enzi hizo na hata leo inaendeshwa na kanisa. Mwaka 1970 jumuiya za Kiprotestanti zilipounganishwa chini ya Kanisa la Kristo, sisi tulipewa namba 3, ndiyo maana vibao vya shule na zahanati zetu vinasomeka 3e CBCA, yaani Jumuiya ya Baptisti katika Afrika ya Kati. Kwa hiyo tulikuwa na walimu, wauguzi na madaktari. Ila kazi hizo zilikuwa na wenyewe: zilikuwa na mkurugenzi, mhuri na ofisi. Sisi wa parokia tulipeleka watoto shuleni na wagonjwa hospitali, kisha tukarudi kuimba.

Badiliko lilitujia kwa barabara. Tulikwishasikia kwamba mwanzoni mwa mwaka 2003 watu wa Mambasa waliingia Beni na Butembo wakikimbia mauaji ya Ituri, na ndugu zetu wa huko waliwapokea. Kwetu ilikuwa Novemba 2008. Vita vya waasi wa CNDP vilipanda kutoka Rutshuru, Kanyabayonga na Kirumba zikaporwa, na wenyeji wa kusini wakaja juu kwa miguu, wamebeba magodoro, sufuria, kuku waliofungwa miguu. Wengine walisukuma wazee wao juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao. Anayejua baridi ya Lubero usiku, ukungu unaposhuka hadi kwenye milango, anajua maana ya kufika hapa na mtoto aliyevaa shati moja.

Jumapili ile, kabla sijasimama, mama mmoja kiongozi wa wamama alinijia mbele ya watu wote. Akaniambia, "Katibu, andika: mwenye chumba asitoke, abaki." Nikaandika. Mzee mmoja wa kanisa akanyoosha mkono, na alisema kwa moyo safi kabisa: "Tukianza na chakula na vyumba, baba mchungaji, neno la Mungu tutalihubiri lini? Na hao wengi wao ni Wakatoliki." Yule mama hakukaa chini. "Baba Mzee," akasema, "watoto wao wamelala kwangu. Nimeamka nimewapikia viazi. Unataka niwaulize kwanza wamebatizwa wapi?"

Mchungaji hakutoa hukumu. Aliniambia tu nisome tangazo, nami nikalisoma. Waliobaki nyuma walikuwa wengi kuliko vyumba tulivyodhani tunavyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo kila kitu kilipogeuka, wala haukuwa mpango wa mtu aliyeketi mezani na kuandika mradi. Wapo wanaosema huduma za kanisa letu zilikua kwa msaada wa wafadhili. Msaada ulikuja, hatukatai: kanisa letu ni mshirika wa umoja wa makanisa wenye ofisi yake Wuppertal, Ujerumani, na marafiki wa mbali wametusaidia. Lakini msaada una mwanzo na mwisho ulioandikwa kwenye karatasi. Kile kilichodumu kwetu ni kile ambacho wamama walikianza kwa unga wao na kuni zao.

Tukajifunza haraka kwamba kumlisha mkimbizi kwa wiki mbili ni rahisi. Wiki ya tatu ndiyo ngumu. Mwenye nyumba anachoka, mgeni anaona haya, maneno yanaanza. Parokia ilikuwa na kipande cha shamba nyuma ya kanisa, pamoja na kingine bondeni ambacho wazee walikikodisha ili kupata fedha za ujenzi. Baada ya vikao virefu, kile cha bondeni kikakatwa vipande na kugawiwa familia za wageni. Lubero ni nchi ya viazi, kabichi na poro. Ukipanda kiazi kizuri unavuna baada ya miezi mitatu hivi. Wamama wakatoa mbegu kwa sharti moja: anayepokea beseni moja la mbegu, akivuna arudishe beseni moja, ili apewe mwingine. Hakuna riba. Na mbegu haitolewi kwa mshiriki peke yake, hutolewa kwa mwenye shida aliyetajwa na majirani zake. Katika daftari la mwaka uliofuata nakuta tangazo hili: wanaodaiwa mbegu walete Jumamosi, aliyepata mvua ya mawe aje aseme, asijifiche.

Walipokuja watu wa Beni hali ilikuwa nyingine. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yalipoanza pale Beni na vijiji vyake, waliotufikia hawakubeba magodoro. Wengi hawakubeba kitu. Na walinyamaza. Mwanamke anakaa kwako miezi, anachota maji, anafagia, lakini ukimwuliza jina la mume wake anaondoka. Wamama wetu waliona kwamba unga hautoshi. Baadhi yao wakaenda kupata mafunzo ya kusikiliza watu waliojeruhiwa moyo, na chumba cha vestri, ambamo mchungaji alikuwa akivalia kanzu, kikageuka nyumba ya kusikilizia kila Jumanne na Alhamisi. Mlango wake unafunguka upande wa nyuma. Anayeingia haonekani na watu wa sokoni. Sheria yao ilikuwa ngumu na walinishurutisha nami katibu niifuate: hakuna kuandika jina, hakuna kuuliza ushuhuda kwa ajili ya ibada, hakuna kumpiga mtu picha. Aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa sabini na mbili kwisha, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafaa ndani ya muda huo, na mama mmoja ampeleke na kumngojea huko. Mahubiri yalikuja baadaye, kama aliyataka mwenyewe. Nimewaona watu wakikaa miaka katika parokia yetu bila kubatizwa kwetu, na hakuna aliyewasumbua. Hilo nalithamini kuliko takwimu zozote za waongofu.

Huduma ya akiba ilizaliwa palepale. Likelemba, ile michango ya zamu, tulikuwa nayo zamani, lakini katika likelemba mtu mmoja anaondoka na fungu lote, na mgeni asiye na nyumba haaminiki kupewa zamu ya kwanza. Kwa hiyo vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vinavyoitwa AVEC, viliwafaa zaidi: kila wiki mtu ananunua hisa kwa kadiri yake, fedha zinawekwa katika kisanduku chenye kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti na kisanduku kiko kwa wa nne. Mkopo unatolewa mbele ya wote. Kuna mfuko mdogo wa kando kwa msiba na ugonjwa. Mwisho wa mzunguko, kisanduku kinafunguliwa na kila mtu anagawiwa. Nimeona mama aliyetoka Eringeti, upande wa Beni, mikono mitupu akianza kuuza chumvi na sabuni kwa mkopo wa kikundi hicho.

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, ikafika Beni, ikafika Butembo na Katwa, nasi Lubero haikutusahau. Ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Hayo ni mahesabu ya serikali na Shirika la Afya Duniani. Sisi tunakumbuka kwanza hasira. Watu waliokuwa wakichinjwa kwa karibu miaka minne bila kuona msafara wa kuwaokoa waliona magari mapya yakija kwa mamia kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Wengi waliona hiyo ni siasa au ni biashara. Februari 2019 kituo cha tiba cha Katwa kikachomwa moto, na siku tatu baadaye cha Butembo kikashambuliwa. Aprili daktari Mkameruni, Richard Mouzoko, akauawa hospitalini Butembo alikokuja kututibu. Naandika jina lake kwa heshima.

Katika siku hizo matangazo yalikuwa kazi ya hatari. Mtu akisimama kanisani na kusema "tusiwaoshe maiti", alionekana kama amenunuliwa. Sisi hatukuleta mgeni wa kutuelimisha. Walisimama watu waliopona, waliojulikana kwa baba na mama zao, wakasema walichokiona ndani ya mahema ya plastiki. Ndoo za maji ya klorini ziliwekwa mlangoni, mashemasi wakizijaza tangu alfajiri. Tuliacha kupeana mikono. Meza ya Bwana ikawa kwa vikombe vidogo vidogo. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa mazishi, na hapo ndipo, nadhani, wamama walifanya kazi ambayo hakuna timu ya kuvaa mavazi meupe iliyoiweza. Walikaa na familia kwanza. Walihakikisha kwamba nguo aliyoipenda marehemu inawekwa, kwamba wimbo unaimbwa kwa umbali unaofaa, kwamba ndugu mmoja anaruhusiwa kuona uso kabla mfuko haujafungwa. Baadaye hata jirani zetu wa parokia ya Kikatoliki walituma watu wao, na kazi hiyo ikafanywa pamoja.

Huduma nyingine ilikuwa karo, nayo nitaisema kwa kifupi. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwezi Septemba 2019, mfuko wetu wa kuwalipia watoto yatima ulihamishiwa kwa wale wa sekondari na wasichana wanaojifunza kushona.

Nilikwishamkabidhi daftari kijana mmoja wakati Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Barabara ya Goma ikafungwa. Mwaka 2025 Goma yenyewe ikachukuliwa, benki zake zikafungwa, serikali ya jimbo ikahamia Beni, na makao makuu ya jumuiya yetu yakabaki upande wa pili wa mstari wa vita. Parokia nyingi zililazimika kuendesha mambo kwa sadaka yao tu. Tumeyaweza kwa kiasi, kwa sababu mbegu, visanduku na chumba cha nyuma havikuwahi kungoja fedha kutoka Goma.

Kamati ya mbegu leo inaongozwa na mwanamke wa Kanyabayonga, aliyekuja kwetu mara ya kwanza mwaka ule wa 2008, akarudi kwao, akajenga, kisha akakimbia tena. Katika kikao cha mwisho nilichohudhuria palizuka mzozo. Familia kadhaa za kutoka upande wa Alimbongo zilikuwa zimechukua mbegu, zikapanda, zikatimuliwa kabla ya kuvuna, na madeni yao bado yamo kitabuni. Mweka hazina alitaka yabaki, ili kanuni isivunjike. Yule mama akasema kanuni ni kwamba anayevuna ndiye anayerudisha, na hawa hawakuvuna. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Madeni yakafutwa, na familia zilezile zikaandikwa upya kwa msimu wa Septemba, kila moja beseni moja la viazi na nusu beseni la maharagwe.