Joto Lililoletwa Kutoka Milima ya Kigezi

Wahenga walisema: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Msemo huu unamhusu kila mtu afungaye safari, lakini yamkini unamhusu zaidi askari na jamaa zake, ambao maisha yao ni ya kuhama kambi hadi kambi. Wengi hurudi safarini na vitu: mkungu wa ndizi, gunia la viazi, blanketi jipya. Wachache hurudi na desturi. Habari hii ni ya familia moja iliyopanda milima ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wakati wa kipupwe, ikarudi na vyote viwili.

Baba wa familia hiyo ni sajini wa jeshi, mzaliwa wa tambarare za Teso, ambako jua halina haya. Alikuwa ametoka kutimiza mwaka mmoja wa kazi nchini Somalia, ambako Uganda ilianza kupeleka wanajeshi wake mwezi Machi 2007. Alirudi mzima wa mwili, na mshahara wake haukupotea. Hata hivyo, nyumba aliyoikuta kambini ilikuwa imezoea kuishi bila yeye. Mtoto wa kwanza alikula akitazama simu, wa pili alichukua sahani yake akaenda kwa jirani, na kitinda mimba, aliyekuwa bado anatambaa baba alipoondoka, alijificha nyuma ya mama kila baba alipomwita. Sajini naye alikaa peke yake kando ya redio. Hapakuwa na ugomvi wowote. Palikuwa na ubaridi tu, na ubaridi wa namna hiyo haupimwi kwa kipimajoto.

Mwezi wa Julai sajini alipewa likizo. Mkewe, ambaye asili yake ni Mkiga, alishauri waende wote kumwona bibi yake mzaa baba, ambaye alikuwa hajapata kuwaona vitukuu wake.

Kutoka Kampala mpaka Kabale ni mwendo wa kilomita zipatazo 420. Barabara huvuka mstari wa Ikweta mahali paitwapo Kayabwe, ikapita Masaka, kisha ikaingia Mbarara, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Baada ya Ntungamo nchi hubadilika. Vilima hukaribiana, barabara huanza kujizungusha ubavuni mwa milima, na miti ya mikaratusi husimama pande zote mbili. Hapo ndipo watoto walipoomba sweta zao, ingawa jua lilikuwa bado linawaka.

Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini yako majira ambayo majani ya miti hugeuka kuwa mekundu na ya manjano, kisha yakapukutika, na watu hupanda milimani kuyatazama kabla ya baridi kali kuingia. Nchi iliyokaliwa na Ikweta haina majira ya namna hiyo. Lakini mlima hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na kalenda. Kwa kawaida, mtu apandapo kiasi cha mita 1,000, hewa hupungua joto kwa nyuzi zipatazo 6. Kampala imo katika kimo cha mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale mita zipatazo 2,000. Kwa hiyo, mwezi wa Julai usiku wa Kabale huweza kushuka hata kukaribia nyuzi 10, na asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa katika bakuli mpaka jua lipande. Tena huo ndio wakati wa mavuno ya mtama. Huko juu mtama hukomaa polepole kwa sababu ya baridi. Hupandwa mwanzoni mwa mwaka, ukavunwa yapata Julai na Agosti. Mashuke yake mekundu ubavuni mwa vilima hayapungui uzuri mbele ya majani ya Ulaya, na juu ya hayo yanalisha watu.

Vilima vya Kigezi vimelimwa kwa matuta toka chini hadi kileleni, kimoja juu ya kingine mithili ya ngazi. Ardhi ni chache na watu ni wengi. Tangu mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamishia baadhi ya wakazi sehemu nyingine zilizokuwa na nafasi, lakini hata leo familia moja huweza kuwa na vijishamba vilivyotawanyika juu ya vilima mbalimbali. Mtu asiyeshirikiana na jirani yake mahali kama hapo hawezi kudumu.

Kijiji cha bibi kiko ng'ambo ya Ziwa Bunyonyi, mwendo wa kilomita chache kutoka mjini Kabale. Jina la ziwa hilo maana yake ni mahali penye ndege wengi wadogo. Ziwa lilipatikana zamani sana, wakati uji wa moto wa volkano ulipoziba bonde na maji yakakosa njia. Vilele vya vilima vilivyobaki juu ya maji ndivyo visiwa vyake, vipatavyo 29. Familia ilivuka kwa mtumbwi wa gogo. Mpiga kasia aliwaonyesha watoto kisiwa cha Bwama, ambako daktari Mwingereza, Leonard Sharp, alianzisha kituo cha wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Wakati huo mwenye ukoma alikimbiwa hata na ndugu zake. Siku hizi ukoma unatibika kwa dawa, na kisiwani mna shule.

Walifika jua likizama. Bibi aliwapokea kwa furaha, akawaingiza moja kwa moja jikoni, nyumba ndogo iliyojitenga, yenye kuta za miti na udongo, na uwazi mpana baina ya ukuta na paa. Katikati palikuwa na mafiga matatu na moto. Sajini, kwa adabu ya mgeni, alichukua sahani yake akataka kwenda kukaa katika nyumba kubwa.

"Mjukuu wangu," bibi alimwambia, "hapa hatuna chumba cha kulia. Moto ndio meza."

"Nimesikia, bibi," akajibu, akarudi akaketi.

Hakuna aliyelazimishwa kuketi pamoja na mwenzake. Baridi ilikuwa mlangoni, na moto ulikuwa mmoja tu. Viazi mviringo vilichemshwa kwa maganda yake, maharage yakaungwa, na bushera, yaani kinywaji cha mtama, ikapita mkono kwa mkono. Bibi alitega vitendawili. Mtoto wa kwanza, ambaye simu yake ilikuwa imezimika kwa kukosa umeme, aligundua kwamba baba yake anajua vitendawili vya Kiteso ambavyo hajapata kuvisikia. Usiku wa tatu kitinda mimba alitafuta mahali penye joto, akapaona ni magotini pa baba. Akalala hapo. Sajini hakujitikisa mpaka moto ukafifia.

Siku ya tano kabla ya mapambazuko sauti ziliita kutoka mlimani. Mwanamke mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na gari halifiki upande ule. Wakiga wana machela iliyosukwa iitwayo engozi, na kwa jina hilohilo huitwa chama cha wanakijiji ambao wamekubaliana tangu zamani kubebana wakati wa ugonjwa na wa msiba. Barabara na pikipiki zimepunguza kazi ya machela, na vyama vingi sasa hushughulika zaidi na akiba na mazishi, lakini mahali penye mteremko mkali mabega ya watu bado yana kazi. Sajini alivaa viatu akatoka. Alijua machela, kwani aliwahi kuwabeba wenziwe. Kilichomshangaza ni kwamba watu wale walibadilishana mabega bila amri ya mtu, kila mmoja akijua zamu yake. Walimfikisha mama yule ziwani, akatiwa mtumbwini kuelekea hospitali. Jioni habari zikaja kwamba amejifungua salama.

"Kambini kwetu," sajini alimwuliza mkewe usiku ule, "mwaka mzima nisipokuwapo, ukiugua usiku, nani angekubeba?"

Mkewe alifikiri kwanza. "Jirani wa kushoto simjui jina," akasema.

Siku ya kuondoka bibi aliwapa kikapu kilichosukwa kwa mkono na mfuko wa unga wa bushera, akamweleza mjukuu wake tena namna ya kuutengeneza, kwa maana mambo ya jikoni husahauliwa mjini. Mtama huoshwa, ukalowekwa usiku kucha katika maji yaliyotiwa majivu ya kuni ili kupunguza ukali wake. Kisha huoshwa vizuri, ukafunikwa siku mbili tatu mpaka uchipue. Huanikwa juani ukauke kabisa, ukafikichwa mpaka vichipukizi na vimizizi vyote vitoke, kwani vichipukizi vibichi vya mtama vina sumu. Baada ya kusagwa, unga hupikwa uji kwa maji yaliyochemka, ukaachwa upoe. Hutiwa kijiko cha bushera ya zamani, ukafunikwa kwa muda wa siku moja au mbili mpaka uchachuke kidogo.

Huko kambini, kando ya Ziwa Viktoria, usiku wa kwanza mvua ilinyesha na upepo ukavuma. Watoto walidai moto kama wa bibi. Sajini, kwa kutaka kuwafurahisha, aliwasha sigiri, akajaza makaa mpaka yakawa mekundu, akaiingiza chumbani na kuuziba mlango kwa blanketi. Chumba kilipata joto mara moja. Wote wakaketi. Haukupita muda mrefu, mtoto wa pili akalalamika kichwa kinamgonga, na kitinda mimba akasinzia isivyo kawaida.

"Baba watoto, toa nje hiyo sigiri!" mkewe alisema, akiwa tayari ameufungua mlango na kumbeba mtoto barazani. "Jiko la bibi lilikuwa na pa kupumulia. Humu tumejizika."

Alisema kweli, na kila nyumba ya kambi yafaa isikie. Makaa yawakapo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo mtu hukosa pumzi ingawa kifua kinapanda na kushuka. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliyekwisha lala huenda asiamke. Kwa hiyo sigiri isiingizwe chumba cha kulala hata kama makaa yamekwisha shika majivu, wala mtu asidanganyike kwa kutoona moshi. Atakayeona dalili hizo awatoe watu wote nje kwenye hewa safi upesi na kuwapeleka hospitali. Hata moshi wa kuni unaoonekana una madhara yake. Macho ya bibi yalikuwa mekundu, na kikohozi chake ni cha miaka mingi. Si kila jambo la mlimani la kuigwa.

Usiku ule walikwenda zahanati ya kambi. Watoto walitazamwa, wakakaa pale mpaka kichwa cha yule wa pili kilipotulia, kisha wakaruhusiwa kurudi. Sajini alikaa kimya njia nzima. Alikuwa amekosea kidogo tu. Alidhani kilichowapa joto kule Kigezi ni makaa.

Jioni iliyofuata aliiweka sigiri barazani, chini ya paa lakini pande zote wazi. Watoto wakavaa sweta. Mkewe akapasha moto maharage, akamimina bushera iliyobaki, na viazi vikatolewa katika kikapu cha bibi. Mtoto wa kwanza akaiacha simu ndani bila kuambiwa, kwa kuwa alitaka kumshinda baba yake vitendawili. Mvua ilipoanza walisogeza viti karibu, wala hawakuingia.

Jirani wa kushoto alikuwa akipita mbio na mtungi wa maji kichwani. Ni mke wa koplo ambaye mumewe alikuwa kazini mbali, na yeye mwenyewe alikuwa mjamzito. Mke wa sajini alisimama.

"Dada, karibu moto. Samahani, miezi yote hii sijakuuliza jina."

Yule mama aliutua mtungi, akacheka, akataja jina lake. Sajini akainuka akampa kiti chake.